Saratani ya ini bila pombe

Pole sana, dada wa Masasi. Umeuliza mjomba amepataje saratani ya ini wakati pombe hakuigusa. Pombe ni sababu mojawapo tu. Huku kwetu Afrika inayotangulia ni homa ya ini B. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake, takriban 9 kati ya 10 hubaki na kirusi maisha yote. Kwa watu wazima hawafiki 5 kati ya 100. Kirusi hukaa kimya miaka 20, 30, mtu analima korosho zake kama kawaida, na B huweza kuleta saratani hata kabla ini halijapata makovu. Chanjo yake kwa watoto ilianza Tanzania 2002, kwa hiyo rika la mjomba haikuwakuta.

Kuna na sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu: huwa kwenye ile karanga iliyosinyaa, yenye ukungu wa kijani. Mwenye B akiila mara kwa mara hatari inapanda mno, na kukaanga hakuiondoi. Itupeni jamani, msiisage.

Watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja wakapime kirusi cha B sasa, wasingoje macho ya njano. Asiye nacho achanjwe dozi 3. Aliye nacho afuatiliwe, dawa ya tenofovia ipo.