Je, Magorofa ya Lasnamäe Yanafaa Kulelea Watoto?

SWALI: Mume wangu anasoma Tallinn, Estonia, nami ninajiandaa kumfuata kutoka Dar es Salaam pamoja na watoto wetu, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 3. Kodi za katikati ya mji zimetushinda, na sasa amepata nyumba ya vyumba viwili huko Lasnamäe, ghorofa ya nne. Ndugu walioko Ulaya wanatuonya kwamba huo ni mtaa wa magorofa ya zama za Usovieti, usiofaa kulelea watoto. Je, tuikubali? – Mama wa wawili

JIBU: Dada yangu, niliishi Lasnamäe na familia yangu kwa miaka minne, na ningerudi kuishi huko bila kusita, ingawa si kila nyumba ya huko ningeikubali.

Sura ya mtaa isikutishe. Ulianza kujengwa miaka ya 1970 kwa kuta za zege zilizotengenezwa kiwandani, na safu zake ndefu zitakukumbusha Michenzani ya Unguja, ambayo ilipangwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Lakini wapangaji wa miji wa Kisovieti walifanya jambo moja ambalo mzazi hulishukuru kila asubuhi: waligawa eneo katika vitongoji vidogo, kila kimoja na shule, chekechea na duka, ili mtoto afike shuleni kwa miguu pasipo kukatiza barabara kubwa. Barabara kuu ya Laagna ilichimbwa chini katika mwamba wa chokaa, na watu hupita juu yake kwa madaraja. Mwanangu wa kwanza alianza kwenda shule peke yake akiwa na miaka 8, nami nilikuwa nikimtazama kutoka dirisha la jikoni mpaka anaingia getini.

Jambo la kuchunguza ni jengo lenyewe. Joto huja kwa mabomba kutoka mtambo wa mji, na gharama yake hugawanywa kwa wakazi wa jengo, hivyo katika jengo ambalo kuta zake hazijavishwa tabaka la kuzuia baridi, ankara ya Januari inaweza kumshtua mtu aliyeipima nyumba kwa kodi peke yake. Kila jengo lina ushirika wa wenye nyumba unaosimamia matengenezo; mume wako amwombe mwenye nyumba ankara za majira ya baridi yaliyopita kabla ya kutia saini. Aulize pia kama kuna lifti, kwa sababu majengo ya ghorofa tano ya enzi hizo kwa kawaida hayana, na kumpandisha mtoto wa miaka 3 aliyevaa mavazi mazito ya theluji hadi ghorofa ya nne, mkono mwingine umebeba mboga, ni kazi ya kila siku. Tena mjue kwamba huko sebule huhesabiwa kuwa chumba: hivyo "vyumba viwili" ni sebule na chumba kimoja cha kulala. Sisi wazazi tulilala sebuleni kwenye kochi la kukunjua, kama familia nyingi za jirani zilivyofanya.

Kuhusu lugha, wakazi wengi wa Lasnamäe huzungumza Kirusi, kwa kuwa nyumba nyingi walipewa wafanyakazi waliotoka sehemu nyingine za Usovieti. Shule zilizokuwa zikifundisha kwa Kirusi zilianza kuhamia Kiestonia mwezi Septemba 2024, zikianza na darasa la 1 na la 4, pamoja na chekechea. Kwa umri wa watoto wako, Kiestonia ndicho cha kuanza nacho; Kirusi watakiokota uwanjani.

Mkishajiandikisha kuwa wakazi wa Tallinn, mtapanda mabasi ya mji bila nauli, utaratibu ulioanza mwaka 2013.

Wataarifu watoto mapema kwamba kwenye lifti watu hukaa kimya, na kwamba shikamoo isipoitikiwa haina maana kuwa wamechukiwa. Mabibi wanaokaa kwenye mabenchi mbele ya mlango ndio watakaowafahamu kwanza. Mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa 3 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo washonee kwenye makoti vile vibandiko vinavyong'aa vikimulikwa na taa za gari. Sheria ya huko inamtaka kila mtembea kwa miguu awe navyo gizani.