Barua kwa mwanangu: Hukusema neno, lakini lilipitia kwako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako mrefu wa Jumapili tumeusoma, mimi na mama yako. Unasema mtu mmoja wa korali yenu huko Lubumbashi alitia odio, ujumbe wa sauti, kwenye kikundi cha WhatsApp, akidai kwamba yule mama anayeshika makuta, yaani fedha, ya korali amekula michango ya vitenge vya Noeli. Wewe ni mmoja wa wasimamizi wa kikundi. Uliisikiliza mpaka mwisho, ukanyamaza. Kulipokucha ilikuwa imeshafika kwenye vikundi vingine, na yule mama hajaonekana tena kwenye mazoezi. Sasa unaniuliza: "Papa, mimi sikusema neno, wala sikuituma kwa mtu. Nina kosa gani?" Tena unaongeza kwamba mhubiri wa mafungo ya vijana amewaambia simu ni mlango wa shetani, basi labda ni heri ufute kila kitu uishi kwa amani.

Nianze na la mhubiri, maana ni jepesi. Shetani hakuchimba koltani ya Rubaya, madini yanayotumika kwenye simu. Walioingia ardhini huko Masisi ni vijana wa rika lako, na wengine udongo uliwafunika humo humo, kama wengine wanavyohangaikia kobalti ya betri huko kwenu upande wa Kolwezi. Chombo kilichotoka kwenye jasho hilo sitakuambia ukitupe. Tena ukitoka kwenye kikundi, odio itabaki humo na yule mama atabaki na aibu yake. Pilato naye alinawa mikono. Mhubiri namuunga mkono katika jambo moja tu, la usingizi: mama yako anakuona uko mtandaoni saa saba za usiku, na hilo atakuambia mwenyewe.

Sasa la kwako. Ndiyo, una sehemu yako. Si kubwa kama ya aliyesema, lakini ipo.

Unajua nimezeekea kwenye kazi ya kutolea watu mizigo duani, kwenye forodha, pale Grande Barrière, mpakani na Rwanda. Mzigo hauvuki kwa kuwa mwenyewe ni mtu mwema. Unavuka kwa kuwa kuna aliyepiga muhuri. Anaweza kujitetea: mchele huu sikuulima, sikuupakia, siuuzi. Ni kweli yote. Lakini watu wa mtaa wetu wa Birere wakiumwa tumbo, karatasi inaonyesha ilipita mkononi mwa nani. Msimamizi wa kikundi ana muhuri, mwanangu, hata kama hakuuomba. WhatsApp imekupa uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote, na uwezo wa kufunga kikundi waandike wasimamizi tu. Usiku ule ulikuwa na vyote viwili mkononi.

Ndiyo maana, kati ya mifano wanayowapa vijana siku hizi, mimi yangu ni ya karibu. Mnatajiwa Carlo Acutis wa Milano, aliyetengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi, akafa mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na tangu Septemba 2025 ni mtakatifu. Sina neno naye. Ila mimi ni mtu wa duani wa Goma, na mtu wangu ni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa hapa mwaka 1981. Alikuwa OCC, ofisi inayokagua bidhaa, na kazi yake ilihusu zilizoharibika; nje ya kazi alikuwa na maibobo, watoto wa barabarani, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei Wakatoliki. Wakamletea makuta ili chakula kilichooza kipite. Akakataa. Wakarudi, akakataa tena. Julai 2007 walimteka, wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta.

WhatsApp hakuiona, ilikuja mwaka 2009. Lakini swali lililokuwa mezani pake ndilo liko kwenye simu yako: hiki kilichooza, kipite kwangu au kisipite? Na wewe hakuna aliyekuomba kufa. Uliombwa mistari miwili kwenye kikundi cha korali.

Baba Mtakatifu Fransisko alipokutana na vijana Kinshasa, kwenye Stade des Martyrs, tarehe 2 Februari 2023, aliwahesabia mambo matano kwa vidole vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Floribert alimtaja kwenye kidole cha tatu, cha uaminifu. Sala aliiweka kwenye kidole gumba. Mimi nilicheka peke yangu, maana ndicho hicho mnachotumia kutuma odio.

Usifikiri naandika haya kwa kuwa nimezeeka na naogopa vitu vipya. Sisi wa Goma tumelipa. Mlima wa moto Nyiragongo ulipolipuka jioni ya 22 Mei 2021, lava ilikuja kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi ilikuwa inatetemeka bila kupumzika, na odio zikaanza, kila moja na saa yake ambayo ziwa lingelipuka. Ziwa Kivu lina gesi kweli kule chini, na kwa sababu hiyo ziliaminika upesi. Uongo mtupu haufiki mbali. Tarehe 27 serikali ilipoamuru mitaa kumi ihame, wengi walishindwa kujua ipi ni amri na upi ni uvumi. Unakumbuka barabara ya Sake ilivyokuwa, magodoro vichwani, watoto wakipotezana na mama zao. Waliokuwa wakituma zile odio hawakuwa watu wabaya. Wengi ni watu wa sala. Mwishoni waliandika "tuombe".

Kisha mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia mjini. Mtandao ulikatika, uliporudi simu zikajaa picha za maiti. Jirani yetu mmoja alimtambua mwanawe kwa shati, kwenye simu ya mtu mwingine, kabla watu wa ukoo hawajapata nafasi ya kumkalisha chini na kumwambia. Aliyeituma picha ile alikuwa ameweka alama ya mikono inayoomba. Tangu siku ile, mimi mtu akinitumia picha ya marehemu namwuliza: ndugu zake wanajua? Kama hana jibu, inaishia kwangu. Wengine wamekasirika, mmoja amenitoa kwenye kikundi chake, na naendelea kuishi.

Utaniuliza: na kama yule mama amekula kweli? Inawezekana. Makuta ya kanisa yameliwa na watu wenye sauti nzuri kuliko yake. Sikuambii umfunike. Lakini Yesu katika Matayo 18 aliweka ngazi: kwanza wewe na ndugu yako peke yenu, kisha mmoja au wawili wawe mashahidi, kanisa mwisho kabisa. Ninyi mmeipanda kichwa chini. Kanisa lote limesikia kwanza, mwenyewe amesikia mwisho, tena kwa jirani. Hata angekuwa mwizi, hiyo si njia ya Kikristo ya kumrudisha. Na kama si mwizi, nani atakayezifuata odio zile zote huko zilikokwenda?

Kuna na sheria, naitaja kwa haraka maana sitaki utende haki kwa kuogopa jela. Sheria ya mambo ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inamshika anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu na anayeisambaza pia, wote wawili, mwezi mmoja hadi miezi sita. Katika mazoezi yenu ya Jumamosi wamo ambao hawajui hilo.

Basi ufanye nini? Nenda kwake. Usimwandikie, chukua basi, nenda na mwenzako mmoja mnayeheshimiana, ukae naye. Usianze na makuta, anza na pole. Halafu mwombe daftari. Michango mingi, kama ninavyowajua, imepita kwa M-Pesa au Airtel Money, na simu inaweka kila kitu: nani alituma, lini, kiasi gani. Simu iliyomwaibisha ndiyo inaweza kumsafisha, au kuonyesha mahali makuta yalipokwama. Hesabu ikiwa tayari, ipelekeni kwa kiongozi wa korali na padri kwanza.

Ya pili, rudi kwenye kikundi. Odio ifute, hata kama imechelewa na watu wataona kwamba ni wewe uliyeifuta. Andika kwa jina lako kwamba hesabu inafanyika, kwamba ilikuwa wajibu wako kusema mapema, na uwaombe walioituma kwingine waandike huko huko walikoituma. Usiandike mahubiri, usiweke mistari ya Biblia. Watu wakianza kugombana, funga kikundi mpaka Jumamosi muonane uso kwa uso. Aliyesema kwenye odio naye usimpige kwa maneno mbele ya watu. Mpigie simu yeye peke yake. Huenda kuna kitu alikiona kweli, akakosa mahali pa kukisema.

Unaogopa kwamba wenzako watasema unajifanya mtakatifu. Watasema, ndiyo. Vijana wa Lubumbashi wana mdomo, na korali ina mdomo zaidi.

Ukishatoka kwa yule mama, nipigie. Usiandike, nataka nisikie ulivyomkuta. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama wewe mwenyewe kitenge chako umeshakilipia.

Papa yako,
Goma