Maswali ya wasomaji: tuisheni ya hesabu, nimpeleke wapi mtoto?

Tangu matokeo ya kidato cha pili yatoke maswali mnayotuma yamekuwa ya hesabu tupu, wazazi, walezi na wanafunzi wenyewe, na mengi yanafanana yani mtu ana hela kidogo na anaogopa kuitupa kwa mwalimu ambae sio. Nimechukua machache yanayobeba na ya wengine.

Mwalimu habari za kazi. Binti yangu kaingia kidato cha tatu, matokeo ya kidato cha pili masomo mengi kapata C na B mbili ila hesabu kapata F. Mtaani kwetu kuna tuisheni ya ukumbini wanajaa mpaka wengine wanasikilizia dirishani, elfu moja kwa kipindi, mwalimu anasifika mpaka wanamwita profesa. Alafu kuna kijana kamaliza fomu siksi anafundisha majumbani mara tatu kwa wiki anataka laki moja kwa mwezi. Hiyo laki naipata kwa kujibana sana. Nichague ipi? (Mama, Mbagala)

Nzuri dada yangu, na pole. Kabla hujatoa hata mia naomba leo jioni umkalishe binti umpe karatasi na maswali haya matano, majibu nakuandikia hapa hapa kwahiyo hata kama hesabu umeziacha zamani utaweza kusahihisha. La kwanza, kutoa tano kutoka kwenye hasi tatu, yani -3 - 5, jibu ni -8. La pili, 2/3 + 1/4, jibu 11/12. La tatu, 3x - 7 = 11, atafute x, ni 6. La nne, asilimia 15 ya shilingi 40,000, ni 6,000. La tano afungue mabano ya (x + 3)², jibu ni x² + 6x + 9, na wengi sana watakuandikia x² + 9 bila wasiwasi kabisa.

Usimsaidie, usimkaripie, angalia tu. Akikosa mawili au zaidi ujue tatizo lake halikuanza kidato cha pili, lipo fomu wani na mengine hata darasa la sita huko, na hapo ndo tuisheni nyingi zinapowapoteza watoto. Mwalimu wa tuisheni anafundisha topiki ambayo shule imefika, sasa shule wako kwenye fankisheni na mtoto kusawazisha mlinganyo mdogo hajui, ataelewa nini? Logi zilimshinda kwasababu vipeo vilimshinda, ikwesheni za kwadratiki zilimshinda kwasababu hajui kutafuta vigawo, kila topiki imekaa juu ya nyingine. Mtoto wa namna hii hata umpeleke kwa mwalimu bora kuliko wote mjini, akianzia topiki ya wiki hii atatoka mtupu, na mbaya zaidi anaanza kujiona yeye ndo mjinga.

Kuna jaribio lingine dogo usiliache. Chukua swali la maneno kwenye pepa yake ya Kiingereza, mwachie asome mwenyewe, akishindwa mtafsirie kwa Kiswahili kama uwezo huo unao au muombe mtu. Akisolvu baada ya kutafsiriwa basi hesabu anaijua, kilichomkwamisha ni lugha. Watoto wetu wengi wamesoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba wanafika fomu wani wanabadilishiwa lugha ghafla, na mwalimu wa tuisheni anaetakiwa hapo ni yule anaekubali kueleza kwa Kiswahili mpaka mtoto ashike, alafu anamrudisha kwenye Kiingereza cha mtihani.

Sasa ukumbi au kijana. Ukumbi mimi siupingi, unamfaa mtoto ambae msingi anao na anataka kufanya maswali mengi na kushindana na wenzie. Binti mwenye F akikaa nyuma ya watu mia atanakili ubao vizuri sana, daftari litapendeza, na hakuna mtu atakaejua kwamba hajaelewa mstari wa pili. Na hizo sifa za profesa ulizia vizuri, usiulize katoa A ngapi kwasababu wenye A wengi walikuja nazo, uliza katoa wangapi kwenye F wakafika D au C, tena waulize wazazi, sio mabango.

Kwa huyo kijana omba kipindi kimoja cha majaribio na umlipe hicho kimoja. Mpe ile karatasi ya maswali matano ambayo binti kakosea, usimwambie chochote, kaa pembeni uendelee na mambo yako ila jicho liwe hapo. Angalia kalamu iko mkononi mwa nani. Kama saa nzima anaandika yeye na binti anatazama, na kila dakika anauliza "umeelewa?" binti anajibu "ndio" wanasonga mbele, huyo hatamsaidia hata kama kichwani yuko vizuri. Unamtaka anaemwambia mtoto "hebu nieleze hapa umefikaje" na anasubiri jibu hata kama kimya kitakuwa kirefu. Wenye A za advansi wengi wanajua kusolvu ila hawajui mwenzao anakosea wapi, ni vitu viwili tofauti, na wapo wachache wanaojua vyote, huyo ukimpata mshike.

Kuhusu hiyo laki, mara tatu kwa wiki sio lazima. Mwombe mara mbili kwa bei ya chini na siku zinazobaki binti afanye mazoezi aliyoachiwa, au tafuta wazazi wawili hapo jirani wenye watoto wa kiwango hicho hicho mgawane, watoto watatu mezani bado mwalimu anaona daftari la kila mmoja. Alafu hili nawaambia wote wenye mabinti na wavulana pia, vipindi vifanyike sebuleni mlango ukiwa wazi na mtu mzima yupo nyumbani, na vya nje viishe kabla giza halijaingia. Mwalimu mwenye nia njema hatakasirika ukimwambia hivo.

Mwalimu, kijana wangu yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba. Hesabu mitihani ya shule anapata 12, 15, akizidi sana 18. Kuna mtu ananiambia kwa muda uliobaki tuisheni ni kupoteza hela, mwingine ananiambia ana "maswali yenyewe". Nifanyeje? (Baba, Kahama)

Kaka, huyo wa maswali yenyewe mkimbie kabisa na umkataze kijana asiingie kwenye hayo magrupu. Mengi ni utapeli wa hela, na hata yasingekuwa utapeli, mtahiniwa akibainika kafanya udanganyifu Baraza la Mitihani linafuta matokeo yake, miaka minne yote inaondoka.

Muda bado upo ila inabidi kuwa wakweli kuhusu lengo. Pepa ya hesabu ya fomu foo ina maswali 14 kwa masaa matatu na yote ya lazima, sehemu A maswali 10 ya maksi 6 kila moja, sehemu B maswali manne ya maksi 10. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Mtoto wa 18 hakimbizani na silabasi nzima, anahitaji mwalimu wa kukaa nae na kuchagua topiki ambazo zinaweza kusimama bila kutegemea vitu vingi vya nyuma. Takwimu ni mojawapo, jedwali, wastani, grafu, ukifuata hatua maksi zipo. Metriksi za mbili kwa mbili pia, ila kwanza anyooshe namba hasi maana hapo ndo wanapoanguka. Linia programingi, seti, probabiliti, hesabu za biashara za leja na mizania. Nyingi kati ya hizi kijana wa kawaida anaweza kuzishika kwa wiki mbili tatu kila moja akifanya maswali kila siku, na akishaona kapata 30 kwenye zoezi moyo wenyewe unabadilika.

Kwahiyo ukienda kuongea na mwalimu wa tuisheni muulize swali moja tu: mtoto wangu ana 18, utaanza na nini na utaacha nini? Akikwambia "tutamaliza silabasi yote baba usijali" shukuru uondoke. Anaejua kazi atakuomba kwanza pepa alizofanya mtoto aone maksi zinadondokea wapi. Na amsisitize kuandika hatua zote, wasahihishaji wanatoa maksi kwa njia hata kama jibu la mwisho limekosewa, sasa mtoto anaefuta kila kitu akiona jibu halitoki anajinyima mwenyewe maksi alizokuwa ameshazipata.

Mwambie na kijana kwamba hayuko peke yake, hesabu ni somo ambalo kwa miaka mingi robo tu ya watahiniwa au pungufu ndo wanafaulu, nchi nzima. Haimaanishi akae atulie, ila aache kuona aibu ya kuuliza.

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu Morogoro, nyumbani hela ya tuisheni hamna na sitaki kumsumbua mama. Wenzangu wanaenda wanarudi na fomula ambazo mimi sina. Je nitaweza kupata C ya hesabu bila tuisheni? (Mwanafunzi)

Marahaba mwanangu. Utaweza, na hizo fomula zisikutishe, nyingine hata waliorudi nazo hawajui zinatoka wapi. Chukua mfano wa dunia kama tufe mnayosoma mwaka huu. Tanga na Tabora zote zipo karibu na nyuzi 5 kusini, moja iko kama nyuzi 39 mashariki nyingine 33, ukitafuta umbali kwa kufuata mstari wa latitudo unazidisha na kosi (cos) ya nyuzi 5. Waulize wenzako kwanini kosi? Kwasababu mistari ya latitudo inakuwa mifupi kadri unavoondoka ikweta, pale ikweta kosi ya 0 ni 1 kwahiyo duara limekamilika, ukifika nyuzi 60 kosi ni nusu na duara limekuwa nusu ya lile la ikweta. Ukishaelewa hivo huwezi kusahau, na hata swali likigeuzwa hautababaika. Mwalimu yeyote, wa shule au wa tuisheni, asiekueleza kwanini, mwombe kwa adabu akueleze.

Vya bure vipo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule, na Baraza la Mitihani linaweka kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, humo wanaonyesha swali kwa swali watu walikosea wapi na wanaweka picha za majibu mazuri na mabaya, mimi naiona hiyo ripoti ni bora kuliko pamfleti nyingi zinazouzwa. Kama simu hauna omba mwalimu wa somo akuprintie ya mwaka mmoja tu, au muisome kwenye kompyuta ya shule. Pamfleti za kurithi kwa kaka na dada kuwa nazo makini, mtaala umeboreshwa na unaingia kwa awamu, hakikisha na mwalimu wako kama topiki ni zile zile.

Alafu tafuta wenzio wawili watatu, mkutane baada ya vipindi, kila mmoja anamfundisha mwenzie swali moja ubaoni. Mkikwama wote watatu, andikeni swali na mpaka pale mlipofika, mpelekeeni mwalimu mapumziko. Walimu tunachoka ndio, darasa lina watoto wengi, lakini mtoto anaekuja na karatasi yenye jitihada sijawahi kuona mwalimu anamfukuza. Na mama mwambie, sio kwa ajili ya hela, mwambie akupunguzie kazi jioni mbili kwa wiki.

Mwalimu salama? Mimi nafanya kazi Muscat, mdogo wangu yuko kidato cha pili Tanga namlipia tuisheni ya hesabu kila mwezi. Nikipiga simu ananiambia anaenda na anaelewa. Nitajuaje kweli? (Dada mtu)

Salama mdogo wangu, hongera kwa moyo huo. Kila Jumamosi akutumie WhatsApp picha za kurasa za daftari la tuisheni za wiki hiyo. Hauhitaji kujua hesabu. Angalia kama kuna mwandiko wake anaojaribu mwenyewe, kuna makosa, kuna kalamu nyekundu ya mwalimu, na kuna marudio ya lile kosa chini yake. Daftari lisilo na kosa hata moja ni la kunakili ubao. Alafu chagua swali moja hapo mwambie akueleze kwa sauti kwa Kiswahili alivolifanya, akueleze kama anavokueleza mpira au tamthilia, utasikia mwenyewe kama anajua au anasoma.

Hela mtumie mwalimu moja kwa moja kwa simu, mwisho wa mwezi sio mwanzo, na mwalimu akupe mahudhurio na maksi za jaribio moja la mwezi. Ikipita miezi miwili maksi ziko pale pale ongea nae, muulize kaanzia wapi, na yale maswali matano niliyompa mama wa Mbagala mtumie na mdogo wako uone.