Jibu: Bordeaux nyeupe ya mchanganyiko, nile na nini?

Salaam mkuu. Unauliza ule nini na Bordeaux nyeupe, divai ya Ufaransa iliyochanganywa zabibu za Sauvignon Blanc na Sémillon, maana kwa rosti ya nyama ya ng'ombe uliisikia chachu tupu. Kwanza soma lebo. Ikiandikwa Entre-Deux-Mers, jina la eneo la huko Bordeaux, hiyo ni kavu (haina utamu) na nyepesi. Sauvignon ndiyo inayoleta ule ukali wa limau. Iweke kwenye friji ifike nyuzi 8 hadi 10, kisha uinywe na chaza wabichi kama watu wa Arcachon, mji wa pwani karibu na Bordeaux, au samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, au jibini ya mbuzi. Mimi kamba wa kukaanga na kitunguu saumu siwabadilishi na kitu.

Ikiandikwa Pessac-Léognan, eneo jingine la Bordeaux, mara nyingi imelala kwenye pipa la mwaloni na Sémillon imeipa uzito. Hiyo inabeba hata kuku wa krimu, ila usiipoze mno, harufu itajificha. Ukikuta Sauternes, nalo ni eneo la Bordeaux, zabibu ni zilezile lakini divai ni tamu. Ipe jibini ya Roquefort, ile ya chumvi yenye ukungu wa buluu. Rosti yako ya ng'ombe itafutie divai nyekundu.