Wataka kuandika habari za mafuta? Anza na karatasi

Juzi kijana wa Likoni kaniandikia, "Kaka, nasomea uandishi, nataka kuchimba mambo ya mafuta kama wewe, nianze wapi?" Nilifurahi wallahi, manake wiki hiyo hiyo stori yangu ilikuwa ukurasa wa mbele, ingawa jina lililowekwa juu ni la mtu wa Nairobi ambaye hata Kipevu, kwenye gati la mafuta la Mombasa, hajakanyaga, langu likatupwa mwisho kwa herufi ndogo, "taarifa ya ziada". Nikaambiwa ndio kawaida ya gazeti. Haya.

Sasa mdogo wangu, watu wadhani hii kazi ni kujibanza nyuma ya matanka Changamwe usiku na kamera. Mimi nilianza na karatasi. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta Kenya, watoa bei mpya, na redio zote zakimbilia mstari mmoja tu, petroli imepanda ama imeshuka. Mimi nateremka chini, kwenye gharama ya wastani ya shehena iliyoshushwa bandarini, kwa dola, kwa kila lita elfu moja. Nikawa naziingiza kwenye eksel mwezi baada ya mwezi, mke wangu anicheka. Konda akiuliza mbona soko la dunia limeshuka na hapa bei ni ile ile, mimi naweza kumuonyesha: shehena yenyewe ilinunuliwa kitambo, shilingi nayo ilikuwa wapi, halafu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16 Julai 2023.

Mwaka huo huo serikali iliacha ile tenda ya wazi ya kampuni kushindania kuleta mafuta, ikaingia mkataba na Aramco ya Saudia, ADNOC na ENOC za Emirati, mafuta kwa mkopo wa siku 180. Wenzangu wakaripoti hotuba za wakubwa, mimi nikaandika barua za kuomba habari. Kifungu cha 35 cha Katiba kipo, sheria ya kupata habari ya 2016 ipo, ofisi ya umma yatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ofisi moja ilinizungusha wee, mara faili iko Nairobi, mara karani yuko likizo, mara "kwani wewe ni wa gazeti gani?" Hilo swali bado laniuma, kwa sababu sheria yasema raia, haikusema gazeti. Ila kopi yangu ilikuwa na muhuri wao wa kupokea, tarehe yasomeka vizuri, nikaipeleka kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma. Majibu yakaja. Kwa hivyo barua igongwe muhuri, narudia, muhuri!

Watu wa kukupa habari wafuata baadaye, baada ya karatasi. Dereva wa tanka ama mtu wa kliaringi, yule wa kutoa mizigo bandarini, ukimwendea mikono mitupu atakupa porojo za kijiweni. Nenda na karatasi umuulize, "Hii ndiyo tarehe meli ilifunga gati?" Kama si kweli atakurekebisha papo hapo, manake mtu aona raha kurekebisha kuliko kufichua siri. Na jina lake usilitaje kwa simu. Na bahasha kataa, hata wakiiita nauli. Nyinyi vijana mwataka stori itoke Ijumaa, Jumatatu mshakuwa maarufu, haiendi hivyo jamani.

Kampuni nayo usiulize mtaani ni ya nani. Lipia CR12, hati rasmi ya usajili wa kampuni, kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone wakurugenzi na wenye hisa. Ukikuta mwenye hisa ni kampuni nyingine, lipia na ya hiyo, kisha na ya hiyo nyingine, mpaka litokee jina la mtu.