Chukua masharti ya kwanta, jina liache

Nasoma miswada ya vijana wanaoanza kuandika fantasia, na neno "kwanta", yaani fizikia ya chembe ndogo kama elektroni, sasa limezidi. Mganga anapuliza unga, ukuta unafunguka, kisha tunaambiwa hizo ni nguvu za kwanta. Hebu lifute neno hilo uone kama hadithi imepungukiwa na chochote. Mara nyingi haipungukiwi. Cha kuchukua kwenye fizikia hii ni masharti yake. Uganga wa ngano zetu una miiko, usigeuke nyuma, usitaje jina, na kisa huanza pale mtu anapoukaribia mwiko.

Tazama jaribio la njia mbili. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walirusha elektroni moja moja, kila moja ikiwa na njia mbili za kupita, kulia au kushoto mwa uzi mwembamba wenye umeme. Kila elektroni iliacha kitone kimoja. Vitone vya mwanzo vilitapakaa ovyo; vilipofika makumi ya maelfu ikajitokeza milia, ambayo huwezi kuieleza ukishikilia kwamba kila elektroni ilipita upande mmoja tu. Na katika majaribio ya aina hii, ukiweka kifaa cha kubaini imepita wapi, milia inafutika.

Hapo wengi hukimbilia kuandika kwamba jicho la binadamu linabadilisha ulimwengu. Jicho halihitajiki. Habari ya njia iliyopitwa ikishavuja, hata kwa kugongana na molekuli za hewa, mambo yameharibika. Mwaka 1999 kundi la mwanafizikia Anton Zeilinger kule Vienna lilipitisha molekuli zenye atomu 60 za kaboni, na milia ile, ambayo ni alama ya tabia ya mawimbi, ikaonekana. Mwaka 2004 kundi la huko huko likazipasha moto kwa leza molekuli zenye atomu 70. Zikaanza kutoa mwanga zenyewe, na milia ikafifia. Joto lao wenyewe liliwasaliti wasafiri wale, na sijui mwandishi wa fantasia angeomba nini zaidi.

Tuseme una mwizi anayeweza kupita milango miwili ya ngome kwa wakati mmoja. Rasimu ya kawaida itasema: "Alipita kote kuwili kwa sababu hakuna aliyemwona." Mimi ningeandika: "Alijisugua theluji ya mlimani hadi ngozi ikafa ganzi, akavua viatu, akabana pumzi. Walinzi walikuwa wamelala. Lakini kwenye mlango wa mashariki mtu alikuwa amemwaga unga." Kama sharti ulishalidokeza mapema, msomaji ataguna mwenyewe akiuona ule unga.

Chembe zilizofungamana, yaani jozi ambazo vipimo vyake hulingana hata zikiwa mbali, nazo waandishi wamezigeuza simu. Mwanafizikia John Bell alionyesha mwaka 1964 namna ya kuzipima, na Alain Aspect, John Clauser na Zeilinger wakapata Nobeli mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Majibu ya pande mbili yanalingana kwa namna ya kushangaza, ila huwezi kuchagua jibu litakalotokea, kwa hiyo ujumbe haupiti. Wape dada wawili pete pacha, mmoja yuko Lamu, mwingine Muscat. Kila alfajiri pete zinageuka nyekundu au nyeusi, zote rangi moja. Wa Lamu anajua hakika mwenzake ataona rangi gani, lakini hana njia ya kumwambia kwamba mama anaumwa. Mpaka jahazi lifike na barua. Simu ingekiua kisa hicho ukurasa wa kwanza.

Paka wa Schrödinger, yule wa ndani ya sanduku anayesemwa yu hai na amekufa kwa pamoja, mwachie mwenyewe. Mwanafizikia huyo alimbuni mwaka 1935 kuonyesha jinsi tafsiri fulani ya kwanta inavyofikisha watu kwenye upuuzi. Malimwengu mengi ya Hugh Everett, ya mwaka 1957, yana mtego mwingine: kama kila linalowezekana linatokea mahali fulani, kifo cha shujaa wako kinakosa uzito.

Ninalolipenda zaidi halitumiki sana. Mwaka 1982 ilithibitishwa kwamba hali ya kwanta usiyoijua haiwezi kunakiliwa. Unaweza kuihamishia kwingine, lakini ile ya awali inaharibika. Mpe mchawi anayetaka mfalme wa pili sharti hilo, na usimruhusu alikwepe.

Masharti yaandike kwenye karatasi yako ya pembeni, sentensi mbili au tatu tu. Wahusika wasiyaeleze, wayajue kama mvuvi anavyojua maji kupwa na kujaa.