Tone la gliserini litapima unyevu wa stoo ya kahawa?

Swali: Nina stoo ya kahawa hapa Mbale. Kihisi changu cha bei nafuu, mvua zikianza, husoma unyevu wa 90 na kubaki hapohapo hata jua likitoka. Kijana wangu aliye chuoni anasema siku hizi unyevu wa hewa hupimwa kwa tone na mwanga wa leza. Inawezekanaje? Naweza kuunda cha kwangu?

Jibu: Mzee wangu, kijana hajakudanganya. Tone lenyewe si la maji matupu, maana hayo yangekauka mara moja. Mara nyingi ni gliserini, ileile ya kupaka ngozi inayouzwa duka la dawa. Hiyo hunywa mvuke: hewa ikilowa, tone linavimba, hewa ikikauka, linatoa maji na kunywea.

Uvimbe huo ni mdogo mno kwa macho, ndiyo maana mwanga unahitajika. Tone dogo likikaa juu ya kitu kisichoshika majimaji hujikusanya likawa karibu duara kamili, na uso wake hauna mkwaruzo. Mwanga ukiingizwa pembeni huambaa kwa ndani, ukizunguka mara nyingi sana kabla ya kufifia. Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, alieleza jambo hilohilo kwa sauti, kwa mnong'ono unaoambaa ukuta wa kuba la Kanisa la St Paul's, London. Lakini si kila rangi hunaswa. Hunaswa ile tu ambayo mawimbi yake yanaenea mzunguko mzima bila kubaki kipande. Tone likivimba, rangi hiyo husogea kuelekea nyekundu, na msogeo huo ndio kipimo.

Chukua tone la kipenyo cha maikromita 20 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Likinywa maji ya asilimia 1 ya ujazo wake, kipenyo huongezeka kwa theluthi ya asilimia. Sehemu ya ongezeko hilo inaliwa, kwa kuwa gliserini hupunguza kasi ya mwanga mara 1.47 na maji mara 1.33 tu. Kwa hesabu yangu, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) utasogea nanomita 1.4 hivi. Spektromita ya maabara, yaani kifaa kinachochambua rangi za mwanga, huona msogeo huo bila taabu. Ila tone likiwa la maikromita 100, rangi zilizonaswa zinapishana kwa nanomita 0.8 tu, zikiruka 1.4 kwa mpigo, hujui tena ipi ni ipi.

Stooni kwako nisingeweka kihisi cha tone. Vumbi la maganda likitua kwenye tone, kipimo kimekwisha. Bado sijataja lori linalotikisa sakafu.

Afadhali ukikague ulichonacho. Vihisi vya aina hiyo vikikaa sana kwenye unyevu mkubwa husoma kupita kiasi. Tia chumvi ya mezani kwenye chupa ya mdomo mpana, ongeza maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Ning'iniza kihisi juu yake bila kugusa, funika vizuri, acha hadi asubuhi. Kwenye nyuzi 25 hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 82, punguza 7 kwa vipimo vya karibu na hapo. Kikisoma 90, nunua kingine.